Nyota sita za Subaru

Swali limetoka kwa msomaji wa Mombasa. Nimelifupisha kidogo: "Shikamoo Mwalimu. Nina Subaru ya mtumba, na kila nikiiosha naziangalia zile nyota sita za mbele. Fundi wangu aliniambia ni Kilimia. Nikamuuliza babu, aliyekuwa mvuvi kule Vanga, akacheka: Kilimia kina nyota saba, hao Wajapani wameibiwa moja. Je, ni Kilimia kweli? Mbona sita? Na Wajapani wana elimu yao ya nyota ya tangu zamani, yenye maana zake, au wamechukua ya Wazungu tu?"

Marahaba, mwanangu, na babu mpe salamu zangu. Fundi wako hakukosea. Subaru ni jina la Kijapani la kundi lile lile tunaloliita Kilimia. Ni neno lao la kale, halikutoka Uchina wala Ulaya, na huhusishwa na kitenzi chenye maana ya kukusanyika na kuwa kitu kimoja. Sisi tulilitazama kundi lile tukakumbuka jembe, maana likionekana ndiyo saa ya kulima. Wao walilitazama wakaona vitu vilivyoshikana.

Jina lilivyofika kwenye gari lako ni habari ya kiwanda. Mwaka 1917 kilianzishwa kiwanda cha ndege kilichokuja kuitwa Nakajima. Japani iliposhindwa vitani mwaka 1945, kampuni hiyo ikavunjwa vipande, na kila kipande kikawa kinatafuta riziki yake: huyu anatengeneza skuta, yule mabodi ya mabasi. Mwaka 1953 vipande vitano vikarudiana na kuunda Fuji Heavy Industries. Rais wa kwanza, Kenji Kita, alitaka gari la kwanza la kampuni liwe na jina la Kijapani, akachagua Subaru. Sasa hesabu nyota zako: tano ndogo ni zile kampuni tano, na moja kubwa ni ile iliyozaliwa kwa muungano wao. Gari la majaribio lilipewa jina hilo mwaka 1954, wananchi wakauziwa Subaru 360 kuanzia 1958, na ilipofika 2017 kampuni nzima ikaacha jina la Fuji Heavy ikajiita Subaru.

Kwa hiyo sita ni hesabu ya ofisini, lakini pia ni hesabu ya macho. Kundi lenyewe lina nyota mamia kwa mamia, ila mtu wa kawaida, usiku usio na mwezi, ataona sita. Mwenye macho makali ataona saba, hata zaidi. Wajapani wana jina jingine la kundi hilo, Mutsuraboshi, yaani nyota sita zilizoandamana. Babu ana haki ya saba zake, na hayuko peke yake: Wagiriki wa kale nao walisema zilikuwa saba, moja ikapotea. Huyo mwizi basi kazunguka dunia nzima.

Na Subaru si jina lililofukuliwa na watu wa matangazo. Yapata mwaka 1000, Sei Shonagon, mwanamke aliyemtumikia malkia huko Kyoto na kuandika kitabu cha vitu vilivyompendeza na vilivyomkera, alipofika kwenye nyota alianza hivi: "Hoshi wa Subaru." Nyota ni Subaru. Hakueleza kwa nini. Kisha akaitaja ile tunayoiita Altair, kisha nyota ya jioni, akaendelea na safari yake.

Swali lako la pili ndilo refu, na jibu langu litakushangaza kidogo. Ukisoma vitabu viwili vikongwe vya visasili vya Kijapani, Kojiki cha mwaka 712 na Nihon Shoki cha mwaka 720, utakuta jua ana enzi yake, Amaterasu, na mwezi naye yupo, Tsukuyomi. Nyota? Karibu hakuna. Anayejitokeza ni mmoja tu, Amatsu-mikaboshi, katika Nihon Shoki, na anajitokeza kama mkorofi: miungu inashuka kuitiisha nchi, wote wanasalimu amri, yeye anagoma, mpaka anatumwa mungu wa ufumaji kwenda kumtuliza. Kwa watu waliojua kuzisoma nyota baharini na shambani, ukimya huo ni wa ajabu. Mimi naona sababu ni mwandishi. Vitabu hivyo viliandikwa kwa amri ya ukoo unaojinasibisha na jua, na mwenye jua hana haja ya kuwagawia wengine mwanga.

Nyota zenye maana za kiserikali zilikuja kwa meli kutoka Uchina na Korea, pamoja na hati, kalenda na dini ya Buddha. Nihon Shoki kinasema mwaka 675, enzi ya Mfalme Tenmu, kilijengwa kituo cha kwanza cha kutazamia nyota. Kazi yake haikuwa elimu kwa ajili ya elimu. Kimondo kikipita, nyota ngeni ikitokea, ofisi ya serikali iliyokuwa na wataalamu wa mambo hayo iliandika taarifa ya siri kwa mfalme: hii ni ishara ya nini? Katika anga la Kichina kila kitu kinazunguka nyota ya kaskazini, na nyota hiyo ni mfalme wa mbinguni. Hata cheo cha mfalme wa Japani, Tenno, kinafanana mno na jina la mungu wa nyota hiyo kwa Kichina, na wanahistoria wengi hawaoni kuwa ni bahati tu. Mji mkuu wa Nara ulipojengwa mwaka 710, jumba la mfalme liliwekwa upande wa kaskazini, naye akaketi akitazama kusini, kama nyota ile.

Hapa nikupe tahadhari, kwa sababu wewe uko Mombasa. Nyota ya kaskazini hujawahi kuiona kutoka huko na hutaiona, iko chini ya upeo wa macho. Kule Tokyo nyota hiyo inaning'inia kama nyuzi 36 juu, haitui, haichomozi, haisogei kwa jicho la kawaida, na nyingine zote zinaizunguka kama ng'ombe waliofungwa kwenye kigingi. Ukikulia chini ya anga la namna hiyo, wazo la mfalme asiyetikisika linaingia akilini bila kufundishwa.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko ndani ya kaburi. Katika kijiji cha Asuka, mkoa wa Nara, kuna kaburi liitwalo Kitora, la mwisho wa karne ya 7 au mwanzo wa karne ya 8. Chumba chake cha mawe ni kidogo, urefu kama mita 2.4 na upana kama mita 1, mtu mzima hasimami wima. Kwenye dari wamechora anga. Kila nyota ni kiduara cha jani la dhahabu, vingi vikiwa na upana wa milimita 6 hivi, kidogo kuliko punje ya hindi, na vimeunganishwa kwa mistari myekundu. Ziko nyota kama 350. Kutani wanalinda wanyama wanne wa pande nne za dunia: joka la buluu mashariki, chui milia mweupe magharibi, ndege mwekundu kusini, kobe aliyezongwa na nyoka kaskazini. Maiti alilazwa chali chini ya mbingu iliyopangwa sawasawa.

Shika hilo neno, kiduara. Sisi leo tukichora nyota tunachora ncha tano. Katika sanaa ya kale ya Japani nyota ni duara jeusi au jeupe, basi. Ndiyo maana mgeni akitazama nembo za koo za samurai huona vitone tu, asijue kwamba yuko mbele ya nyota. Duara kubwa katikati na madogo manane kulizunguka ni Kuyo, nyota tisa. Koo kadhaa ziliitumia, na ukoo wa Soma wa Fukushima unayo hadi leo: katika sikukuu yao ya farasi, Soma Nomaoi, utaiona ikipepea migongoni mwa wapanda farasi. Maduara matatu ni Mitsuboshi, zile nyota tatu za mkanda wa kundi la Orioni, ambazo Uchina zilihesabiwa kuwa majemadari. Ukoo wa Mori, ule wa jemadari Mori Motonari wa karne ya 16, uliweka mstari mmoja juu ya maduara matatu.

Na kwa kuwa najua mazungumzo ya gereji: hapana, Mitsubishi si nyota. Ni vipande vitatu vya umbo la hishi, mmea wa majini wenye tunda la pembe pembe.

Ukoo uliozama zaidi kwenye nyota ni Chiba, mashariki mwa Tokyo ya leo. Wao walimwabudu Myoken, ambaye ni nyota ya kaskazini, au zile nyota saba zinazoizunguka kama kata ya kuchotea maji, akavikwa joho la dini ya Buddha. Anachorwa na upanga mkononi, amesimama juu ya kobe, yule yule wa kaskazini uliyemkuta kaburini Kitora. Kwa mfalme, nyota hiyo ilikuwa kiti cha enzi. Kwa watu wa vita ikawa mlinzi, kwa sababu rahisi: ukipotea usiku, ndiyo inayokwambia uko wapi. Nembo ya Chiba ilikuwa mwezi na nyota, na nembo ya jiji la Chiba leo imetokana nayo. Karne ya 19 Chiba Shusaku alipoanzisha shule yake ya upanga aliiita Hokushin Itto-ryu, na hilo hokushin ni nyota ya kaskazini. Ukipanda hadi Hokkaido, ile nyota iliyoko kwenye chupa ya bia ya Sapporo ni hiyo hiyo, ilitoka kwenye bendera ya maafisa waliotumwa kuendeleza kisiwa hicho baada ya 1869.

Sasa nikwambie habari ya mtu ninayempenda kuliko wote katika kisa hiki, Shibukawa Harumi, aliyezaliwa 1639. Nina ubao wa go, ule mchezo wa kuweka vijiwe kwenye makutano ya mistari, mezani hapa ninapoandika. Mistari 19 kwenda, 19 kuja, makutano 361. Katika makutano tisa kuna vitone vyeusi, na vitone hivyo huitwa hoshi, nyota. Kile cha katikati kabisa kinaitwa tengen, asili ya mbingu. Harumi alizaliwa katika familia ya wachezaji wa go wa serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, lakini macho yake yalikuwa yanakimbilia juu. Alishika imani kwamba ubao ni anga na tengen ni nyota ya kaskazini, kwa hiyo anayeanza hapo katikati lazima ashinde. Mwaka 1670, mbele ya wakubwa wa shogun, akaweka jiwe lake la kwanza pale pale tengen dhidi ya Hon'inbo Dosaku, bingwa wa zama hizo. Akapigwa kwa pointi tisa. Inasimuliwa kwamba alikuwa ameahidi, akishindwa, hataanzia tena hapo.

Aliposhindwa kwenye ubao akaligeukia anga lenyewe. Japani ilikuwa inatumia kalenda ya Kichina iliyopokelewa mwaka 862, na kwa kuwa hakuna aliyeirekebisha kwa zaidi ya miaka 800, ilikuwa imeteleza siku mbili nyuma ya jua. Harumi akapima, akakosea, akapima tena, na kalenda yake ikapitishwa mwaka 1684. Ndiyo ya kwanza iliyotungwa na Mjapani. Akafanya na jambo jingine ambalo linajibu swali lako moja kwa moja: akatazama makundi ya Kichina, akaona nyota zilizobaki bila mwenyewe, akazipanga katika makundi mapya 61 yenye nyota 308. Akayapa majina ya serikali ya nyumbani. Kuna kundi la Okura, hazina ya serikali. Kuna Dazaifu, ofisi iliyosimamia kisiwa cha Kyushu. Mwanawe akayachapisha mwaka 1699.

Hayo ndiyo makundi ya nyota ya Kijapani kwa maana kamili ya neno, na leo ukimsimamisha Mjapani barabarani ukamuuliza, uwezekano ni mkubwa hajapata kuyasikia. Karne ya 19 Japani ikachukua elimu ya nyota ya Ulaya pamoja na makundi yake, na anga la Harumi likabaki makumbusho. Kwa hiyo ndiyo, wana ya kwao, na ndiyo, wamechukua ya Wazungu, na kabla ya hapo walichukua ya Wachina.

Lazima nigusie Tanabata, maana ungeisikia kwa yeyote mwingine. Orihime, binti mfumaji, ni nyota Vega. Hikoboshi, mchunga ng'ombe, ni Altair. Walipooana wakasahau kazi, baba mtu akawatenganisha kwa mto wa mbinguni, ule ukanda mweupe wa nyota, wakaruhusiwa kukutana usiku mmoja tu kwa mwaka, siku ya saba ya mwezi wa saba. Kisa ni cha Uchina, lakini Wajapani wamekizoea mpaka kimekuwa chao. Leo watoto huandika maombi kwenye vipande vya karatasi na kuvifunga kwenye matawi ya mwanzi. Zamani wino wa kuandikia ulisagwa kwa umande uliokusanywa kwenye majani ya magimbi alfajiri, kwa kuwa umande ulidhaniwa kuwa matone ya mto ule. Tatizo ni kalenda. Siku ya saba ya mwezi wa saba kwa hesabu ya mwezi mwandamo huangukia Agosti hivi, mbingu safi. Japani ilipohamia kalenda ya Ulaya mwaka 1873, sehemu nyingi zikaihamisha sikukuu hadi tarehe 7 Julai, katikati ya masika yao, na wapenzi wale kila mwaka wanakutana chini ya mwavuli. Mji wa Sendai una akili zaidi, wao husherehekea tarehe 6 hadi 8 Agosti.

Sasa nyota za watu kama babu yako, zisizoandikwa ikulu. Karne ya 20 kulikuwa na Nojiri Hoei, aliyetumia maisha yake kukusanya majina ya nyota kutoka kwa wavuvi na wakulima kabla hayajafa pamoja nao. Ndiye pia aliyependekeza jina ambalo Wajapani wanaliitia Pluto hadi leo. Katika bahari ya ndani ya Seto, kundi la Nge ni ndoana ya samaki, na ukilitazama mkia wake hutabisha. Orioni ni tsuzumi, ngoma ndogo iliyobanwa kiuno. Na kutoka mkoa wa Gifu kulitoka majina ambayo kila shabiki wa nyota Japani anayajua: ile nyota nyekundu ya Orioni, Betelgeuse, ni Heike, na ile nyeupe, Rigel, ni Genji. Hizo ni koo mbili zilizopigana kuanzia 1180 hadi 1185, Heike kwa bendera nyekundu, Genji kwa nyeupe, mpaka Heike wakaangamia majini Dan-no-ura. Angani bado wamekaa kila mmoja upande wake, na mkanda wa Orioni katikati.

Umuulize babu kuhusu Suheli. Najua ataijua, wavuvi wote wa umri wake wanaijua, na kwa manahodha neno lenyewe ni kusini. Kwetu ni nyota ya juu, nyeupe, ya kutegemewa. Tokyo nyota hiyo hiyo haipandi zaidi ya nyuzi mbili kutoka kwenye maji: nyoosha mkono, upana wa kidole gumba, basi. Inaonekana kwa muda mfupi majira ya baridi, imegeuka nyekundu kwa vumbi na ukungu, kisha inazama. Wasomi waliosoma vitabu vya Kichina walimwona Mzee wa Kusini, mleta umri mrefu, na mpaka leo yumo kati ya miungu saba ya bahati akiwa mzee mwenye ndevu na mkongojo. Lakini katika kijiji cha Mera, ncha ya kusini ya rasi ya Boso, wavuvi waliiita Mera-boshi, wakasema ni roho za wenzao waliozama, na ikionekana, dhoruba iko njiani.

Mwezi wa pili, anga likiwa safi, toka nje na babu kama saa tatu usiku, mahali pasipo na taa. Kilimia kitakuwa kaskazini-magharibi, uhesabu sita au saba. Orioni karibu na utosi, Heike na Genji wakitazamana. Kisha geukeni kusini. Suheli itakuwa karibu nusu ya njia kutoka baharini hadi juu ya vichwa vyenu. Mera, saa kama hiyo kwa saa zao, inakuwa imegusa maji.